Sauti ya TV kupanda na kushuka kwenye spika za 5.1: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya nyumba yenye TV, king'amuzi, pengine na kisanduku cha Android au flashi ya filamu, vyote vikitoa sauti kupitia seti ya spika tano na sabufa. Malalamiko ni yaleyale kila nyumba. Maongezi hayasikiki, ukiongeza, mlipuko unatikisa madirisha, ukihama chaneli, tangazo linafoka. Rimoti haitoki mkononi. Mara nyingi tiba yake haihitaji kununua chochote, ila ni lazima kwanza ujue unaumwa nini.

## Mambo ya msingi

Kwa nini kwenye filamu ileile maneno yako chini na milipuko iko juu?

Kwa sababu sauti ya filamu nyingi imetengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa sinema. Huko spika hupimwa kwa sauti ya majaribio ya desibeli 85, kisha huachwa nafasi ya desibeli 20 juu yake kwa ajili ya vishindo. Kwa hiyo kila spika kuu inaweza kufika 105, na njia ya besi 115. Ukumbi umetulia na kuta zimevikwa kitambaa, hivyo hata mnong'ono unakufikia.

Sebuleni kuna feni, friji, bodaboda nje na watoto ndani. Kelele hizo tu zinatosha kuumeza mnong'ono. Unapandisha sauti ili upate maneno, na vishindo navyo vinapanda kwa kiasi hichohicho. Huo umbali kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa ndio tutakaouita hapa upana wa sauti.

Nitajuaje tatizo langu ni lipi?

Yako matatu, yanafanana masikioni, na kila moja lina dawa yake. Weka taarifa ya habari, mtangazaji akiwa studio bila muziki chini yake. Sikiliza dakika chache, hama chaneli tatu nne, kisha weka filamu.

Mtangazaji akisikika safi na shida ikaja kwenye filamu pekee, tatizo ni upana wa sauti. Nenda sehemu ya kubana sauti. Kila chaneli ikiwa na kimo chake, au flashi ikiwa juu kuliko king'amuzi, vyanzo vyako havilingani; nenda sehemu ya chaneli na matangazo. Lakini ikiwa hata mtangazaji wa habari amefifia, au anasikika kama yumo ndani ya pipa, kasoro iko kwenye nyaya, spika au mpangilio.

Mwenye yote matatu aanze na hilo la mwisho. Ukiwasha vibana sauti juu ya spika iliyofungwa vibaya, unaficha kasoro tu, na utarudi kuhangaika wiki ijayo.

5.1 maana yake nini, na maneno yanatoka spika gani?

Tano ni spika ya kushoto, ya kulia, ya katikati na mbili za pembeni au nyuma. Hiyo ".1" ni njia ya besi inayokwenda kwenye sabufa. Katika sauti halisi ya 5.1, karibu maongezi yote hupita spika ya katikati. Ndiyo maana ukitaka maneno yasikike unashughulika na spika hiyo kwanza, badala ya kupandisha sauti nzima.

Desibeli moja ni nyingi au kidogo?

Tofauti ya desibeli 1 ni ndogo sana, wengi hawaitambui. Desibeli 3 zinasikika wazi, na amplifaya inatumia nguvu maradufu. Desibeli 10 sikio huzihesabu kama sauti mara mbili, kwa nguvu mara kumi. Kwa hiyo unaporekebisha spika mojamoja nenda kwa hatua ya 1 au 2; anayeruka 8 kwa mkupuo huwa anazalisha tatizo jipya.

Resiva, yaani kifaa kinachopokea sauti ya vyanzo na kuisukuma kwenye spika, mara nyingi huonyesha namba hasi, mfano −35. Sifuri ni kimo cha ukumbi wa sinema, na −35 ni desibeli 35 chini yake.

## Nyaya na milango

Nimeunganisha kwa waya mwekundu na mweupe. Je, ninapata 5.1?

Hapana. Waya huo, sawa na ule wa jeki ndogo ya 3.5 mm, hubeba njia mbili tu, kushoto na kulia. Seti nyingi za bei nafuu huchukua njia hizo mbili na kuzigawa kwenye spika zote: za nyuma hurudia za mbele, ya katikati hupata mchanganyiko wa kushoto na kulia. Sauti inajaza chumba, lakini maneno yametapakaa kila spika, na kuiongeza ya katikati kunasaidia kidogo tu.

5.1 halisi hupita HDMI, waya wa mwanga ("Optical"), au nyaya sita za RCA, za aina ya huo mwekundu na mweupe, zinazoingia kila moja kwenye tundu lake. Kama seti yako haina hata mlango mmoja kati ya hiyo, usijilaumu na usiitupe. Ichukulie kuwa ni seti ya njia mbili na sabufa, weka TV na king'amuzi kwenye "Stereo" au "PCM", na ufuate ushauri wa kubana sauti.

Kati ya HDMI na waya wa mwanga, nitumie upi?

Tumia HDMI, kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC au eARC, linalorudisha sauti ya TV kwenye resiva. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Inapitisha sauti ya njia mbili au Dolby Digital ya 5.1, yaani sauti ya njia sita iliyofungashwa ambayo resiva huifungua. Ile eARC, ya HDMI 2.1, inapitisha hata sauti ya njia nyingi isiyobanwa. Faida ya kila siku ni kwamba rimoti ya TV huongoza sauti ya resiva, mradi uwashe kipengele cha CEC kwenye vifaa vyote viwili. Watengenezaji hukipa majina yao: Anynet+ kwa Samsung, SimpLink kwa LG, Bravia Sync kwa Sony.

Waya wa mwanga nao unatosha kwa Dolby Digital ya 5.1 ya king'amuzi na filamu, ila rimoti ya TV haitaongoza resiva. Kosa linalorudiwa sana ni kuchomeka HDMI kwenye tundu lolote la TV. Picha ya kisanduku inaonekana, lakini sauti ya TV hairudi kwenye resiva, kwa kuwa ni tundu moja tu lenye ARC.

Menyu ya sauti ina "PCM", "Auto", "Bitstream" na "Pass-through". Nichague ipi?

Ukichagua PCM, TV inafungua sauti yenyewe na kuituma, kwa kawaida ikiwa njia mbili. "Bitstream" na "Pass-through" huituma kama ilivyo, resiva ifungue. "Auto" inaachia TV iamue.

Mwenye resiva ya kweli ya 5.1 achague "Pass-through" au "Auto", maana hapo spika ya katikati inapata maongezi yake. Mwenye seti ya njia mbili achague PCM. Wapo watu wanaochagua "Bitstream" kwa kudhani ni bora siku zote, kisha seti isiyojua kufungua Dolby inanyamaza au inakwaruza. Kwenye king'amuzi nako angalia mpangilio wa "Dolby Digital" na "Stereo", ulingane na ulivyochagua kwenye TV.

Muziki na mvumo vinasikika, lakini watu wanafungua midomo tu. Sauti zao ziko wapi?

Kwanza kagua jeki. Jeki ya 3.5 mm ikiingia nusu, au waya wake wa ardhi ukikatika ndani, spika hazipati tena kushoto na kulia. Zinapata tofauti kati yake. Kitu kilicholingana pande zote mbili, yaani sauti ya mwimbaji au mtangazaji, kinajifuta chenyewe. Kinachobaki ni muziki wenye mwangwi, kama unasikiliza ukiwa nje ya ukumbi. Sukuma jeki mpaka ilie "tik", uizungushe kidogo. Maneno yakirudi na kupotea unapoutikisa waya, badilisha waya.

La pili, chanzo kinatuma 5.1 lakini kifaa kinacheza kushoto na kulia tu, na njia ya katikati inatupwa. Badilisha kiwe PCM au "Stereo" kwenye chanzo, ili maongezi yachanganywe kwenye njia mbili za mbele.

La tatu, spika ya katikati yenyewe haifanyi kazi. Cheza sauti ya majaribio ya resiva. Ikizunguka spika zote ikaruka ya katikati, kagua nyaya zake. Uzi mmoja wa shaba uliotoka pembeni na kugusa tundu la jirani unatosha kuizima, na hata kuizima resiva nzima kwa kujilinda.

Nina rimoti tatu, kila moja ina sauti yake. Ipi iwe juu?

Iache moja tu ifanye kazi ya kila siku, nayo ni ya resiva. King'amuzi kiweke juu kabisa kama kimeunganishwa kwa HDMI. TV inayotoa sauti kwa jeki ya hedfoni iweke kwenye robo tatu hivi, kisha usiiguse. Ikiwa chini mno utalazimika kuifungua amplifaya sana na utasikia mvumo na msasamo. Ikiwa juu kabisa, sauti inaweza kukwaruza kabla haijafika kwenye amplifaya. Ukikuta sauti inakwaruza hata amplifaya ikiwa chini, kosa liko huku kwenye chanzo.

## Kusawazisha spika

Nisawazisheje spika mwenyewe, hatua kwa hatua?

Resiva ikija na maikrofoni yake ya kupimia, itumie. Weka maikrofoni mahali kichwa kinapokaa, kimo cha sikio, zima feni, na wote watoke au wanyamaze. Usiiweke juu ya mto wa kochi: mto unanyonya sauti na vipimo vinakuwa vya uongo.

Kama haipo, simu yenye programu ya kupima sauti inatosha:

1. Kwenye programu chagua kipimo cha C na mwendo wa polepole. Ishike simu kimo cha sikio pale unapokaa, uso wa maikrofoni ukitazama juu.
2. Fungua menyu ya spika, ingiza umbali wa kila spika kutoka kochi kwa mita. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kosa la mita 1 ni ucheleweshaji wa karibu milisekunde 3.
3. Washa sauti ya majaribio. Pandisha sauti kuu mpaka spika ya kushoto isome 75.
4. Bila kugusa tena sauti kuu, rekebisha kiwango cha kila spika nyingine mpaka nayo isome 75.
5. Malizia na sabufa, kisha rudia mzunguko mzima mara moja.

Usijali kama simu yako inasoma 75 wakati kipimo cha fundi kingesoma 78. Unachotafuta ni spika zilingane zenyewe kwa zenyewe. Tahadhari ni moja: maikrofoni nyingi za simu hazisikii vizuri besi ya chini, hivyo sabufa itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ipime kwa simu, halafu ihukumu kwa sikio.

Spika ya katikati niiongeze kiasi gani?

Baada ya kusawazisha, ongeza desibeli 2. Sikiliza siku mbili, kisha ongeza 1 nyingine ikihitajika. Ukifika +5 na maneno bado hayaeleweki, kimo siyo tatizo tena. Kuna kitu kinaiziba spika au chumba kina mwangwi, na maswali mawili yanayofuata yanahusu hilo.

Hakikisha pia resiva haiko kwenye hali ya "Stereo", kwani hapo spika ya katikati haitoi kitu na kuiongeza hakubadilishi lolote. Kwa chaneli za kawaida zenye njia mbili, tumia hali ya "Dolby Surround" au "Pro Logic II". Hizo huchomoa kilicholingana kushoto na kulia na kukipeleka katikati. Epuka "All Channel Stereo", inayorusha maneno kila kona.

Spika ya katikati na za pembeni ziwekwe wapi?

Ukingo wa mbele wa spika ya katikati uwe sawa na ukingo wa kabati, au utokeze kidogo. Spika iliyosukumwa ndani ya shelfu, sentimita 20 kutoka ukingoni, inatoa ile sauti ya pipa, kwa kuwa mbao za juu na chini zinairudisha. Ikiwa chini ya TV, iinue mbele kwa vipande viwili vya raba hadi itazame masikio yenu wala si magoti. Kitambaa cha kufuma kilichofunika kabati ni kizuri, lakini kisiishukie spika.

Za pembeni zikae kati ya nyuzi 90 na 110 kutoka mbele yako, juu kidogo ya kimo cha sikio. Kochi likigusa ukuta wa nyuma, zifunge kwenye kuta za pembeni badala ya kuziweka nyuma ya vichwa.

Kagua na alama za waya: chanya iende kwenye chanya kila upande. Spika ya mbele iliyogeuzwa nyaya haifi, bali inapigana na mwenzake. Besi inapungua na sauti ya katikati haijulikani inatoka wapi.

Sebule yangu ina vigae na kuta tupu. Je, inachangia?

Sana. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaobaki hewani kama tone la maji, mwangwi huohuo unafunika mwisho wa kila neno. Zulia kati ya spika na kochi, mapazia mazito kwenye dirisha kubwa, na kabati la vitabu au makochi ya kitambaa ukutani vinaleta unafuu ambao hakuna kitufe cha resiva kinachoweza kuuleta. Mkeka mwembamba pekee hausaidii sana.

Besi inafunika maneno. Nifanye nini?

Itoe sabufa kwenye kona kwanza, hata nusu mita. Kona inaipandisha bila ruhusa yako. Kisha angalia mpaka wa masafa, ule unaoandikwa "Crossover": sauti zilizo chini yake huenda kwenye sabufa. 80 Hz ni mahali pazuri kwa spika za ukubwa wa kawaida. Vispika vidogo vya seti ya dukani huhitaji 120 mpaka 150, lakini kadiri unavyopanda ndivyo sauti za wanaume zinavyoanza kutokea kwenye sabufa. Ukisikia maneno yakitoka sakafuni, umepandisha mno.

## Kubana sauti

"Night Mode" na "DRC" hufanya nini hasa?

Hupunguza upana wa sauti: kinachonong'ona kinainuliwa, kinachofoka kinashushwa. Ndiyo dawa sahihi ya filamu. Kwa Dolby Digital, maelekezo ya kubana yamo ndani ya sauti yenyewe, yaliwekwa na watengenezaji wa filamu, kwa hiyo matokeo huwa ya heshima kuliko kifaa kinachobahatisha.

Baadhi ya ving'amuzi na vichezeshi vina "Line" na "RF". "Line" inabana kidogo, "RF" inabana sana. Punguza sauti kuu kabla ya kuhamia "RF", maana inapandisha kila kitu kwa desibeli 11.

Kipengele hicho kinaitwaje kwenye kifaa changu?

Denon na Marantz zenye Audyssey (mfumo wa kurekebisha sauti): "Dynamic Volume", ngazi za "Light", "Medium" na "Heavy". Yamaha: "Adaptive DRC". Onkyo: "Late Night". Saundibaa nyingi: "Night Mode", pamoja na kitufe cha "Voice". TV za Samsung na LG: "Auto Volume". Anza na ngazi ya chini kabisa. "Heavy" inafanya filamu nzima isikike kama redio ya gari.

Nimewasha "Auto Volume" kwenye TV, hakuna kinachobadilika.

Kwa sababu TV inapitisha sauti bila kuifungua. Vipengele vya sauti vya TV mara nyingi hugusa spika za TV na sauti ya PCM peke yake. Una njia mbili: uibadilishe TV iwe PCM na kupoteza 5.1, au uzime "Auto Volume" na kubana sauti kwenye resiva. Njia ya pili ni bora kila inapowezekana.

Usiwashe vyote viwili. TV ikibana, king'amuzi kikabana, resiva nayo ikabana, utasikia sauti "ikipumua": mtu akinyamaza, mvumo wa chinichini unapanda taratibu, akisema neno unazama ghafla. Acha kibanaji kimoja, zima vingine.

Nikipunguza sauti usiku, besi inapotea na maneno yanakuwa makavu. Resiva ni mbovu?

Nzima kabisa. Sikio la binadamu husikia besi vibaya zaidi sauti inapokuwa ndogo. Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933. Kitufe cha "Loudness", "YPAO Volume" kwa Yamaha au "Dynamic EQ" kwa Audyssey hurudisha besi kadiri unavyoshusha. Kwa "Dynamic EQ" kuna mpangilio wa "Reference Level Offset" wa 0, 5, 10 na 15: acha 0 kwa filamu, panda 10 au 15 kwa vipindi vya kawaida vya TV, la sivyo besi inazidi.

## Chaneli na matangazo

Kwa nini tangazo linafoka kuliko kipindi?

Kilele cha tangazo kinaweza kuwa sawa kabisa na kilele cha filamu. Tofauti ni kwamba filamu hufika kileleni mara chache, tangazo limebanwa likae pale pale mwanzo hadi mwisho, na sikio huhukumu wastani. Kipimo cha kimataifa cha wastani huo, ITU-R BS.1770, kilitoka 2006. Ulaya iliweka lengo la −23 LUFS (kizio cha wastani huo) kupitia mwongozo wa EBU R 128 mwaka 2010. Marekani ilipitisha sheria ya CALM, ya kuzuia matangazo kufoka kuliko vipindi, mwaka huohuo, ikaanza kutumika Desemba 2012.

Nyumbani, kibanaji chepesi cha resiva kinashusha makali ya matangazo vizuri kuliko unavyoweza kwa rimoti.

Flashi, king'amuzi na YouTube kila kimoja kina kimo chake. Nisawazisheje?

Kwa kipengele cha kiwango cha chanzo, kinachoitwa "Source Level", "Input Trim" au "IntelliVolume". Weka taarifa ya habari kwenye king'amuzi, acha sauti kuu ilipo, pima kwa simu. Hamia chanzo kingine, weka mtu anayeongea, rekebisha mpaka kisome sawa. Pima maongezi kwa maongezi. Ukipima habari dhidi ya muziki utajidanganya.

Chanzo cha kushushwa ni kile kikali. Ukikipandisha kile dhaifu, unapandisha na msasamo wake. Kipengele hiki hufanya kazi kwa kila tundu la resiva, kwa hiyo vyanzo vyote vikipita TV na kurudi kwa ARC, resiva inaviona ni kimoja. Vichomeke moja kwa moja kwenye resiva.

Kwenye mpira, mashabiki wanamfunika mtangazaji.

Shangwe za uwanja hujaza spika za pembeni, mtangazaji yuko katikati. Shusha za pembeni desibeli 3, pandisha ya katikati 2, na hifadhi kama mpangilio wa pekee kama resiva inaruhusu. Zima hali ya "Sports" au "Stadium", kwani kazi yake ni kuongeza mwangwi wa uwanja.

## Hali za pekee

Filamu ileile, nikichagua sauti ya DTS (aina nyingine ya 5.1) ni kali kuliko Dolby. Ni bora zaidi?

Ni kubwa tu. Dolby Digital hubeba namba inayoitwa dialnorm, inayoiambia resiva ishushe sauti kiasi gani. Ikiandikwa −27, resiva inashusha desibeli 4. Ikiandikwa −31, haishushi kitu. DTS ya kawaida haishushwi hivyo. Linganisha ukiwa umeipandisha Dolby 4, ndipo uamue.

Filamu ya kwenye flashi ina picha, haina sauti kabisa.

Huenda sauti yake ni DTS na TV haiijui. Samsung iliacha kuifungua DTS kwenye TV zake tangu matoleo ya 2018; LG iliiacha 2020 na kuirudisha 2023. Chagua sauti nyingine ("Audio Track") iliyomo kwenye faili, au chezea faili kwenye kisanduku au kompyuta yenye programu ya VLC.

Naweza kubana sauti ya faili lenyewe?

Ndiyo. Kwenye VLC ya kompyuta fungua "Effects and Filters", kisha "Compressor". Mwanzo mzuri: "Threshold" −20 dB, "Ratio" 4:1, "Attack" ms 50, "Release" ms 300, "Makeup gain" dB 9. Sauti ikikwaruza, punguza hiyo ya mwisho.

Ukitaka faili lirekebishwe moja kwa moja ili likachezwe popote, tumia ffmpeg, programu ya kompyuta inayoendeshwa kwa kuandika amri:

`ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -af loudnorm=I=-20:LRA=9:TP=-2 -ac 2 -ar 48000 -c:a aac -b:a 192k mpya.mkv`

Picha haiguswi, sauti inakuwa ya njia mbili, iliyobanwa. Usisahau `-ar 48000`, kwa sababu bila hiyo kichujio hiki hupandisha masafa ya sampuli bila sababu. Hifadhi faili la awali.

Mzee nyumbani anasema "wanaongea lakini sielewi", hata sauti ikiwa juu.

Umri huondoa kwanza masafa ya juu, na ndiko ziliko herufi kama s, f, t na k. Ukiongeza sauti nzima, irabu zinampigia kelele na konsonanti bado hazifiki. Pandisha 2 hadi 4 kHz kwa desibeli 3 kwenye spika ya katikati pekee, shusha besi kidogo, na umsogeze karibu zaidi. Ukikaa mita moja na nusu badala ya tatu, sauti inayokujia moja kwa moja kutoka kwenye spika inazidi kwa karibu desibeli 6, wakati mwangwi wa chumba unabaki uleule.

Usiku jirani analalamika ingawa sauti iko chini.

Anachosikia ni besi. Inapita ukutani na sakafuni wakati maneno yanaishia kwako. Shusha sabufa desibeli 6, iweke juu ya sponji nene isigusane na sakafu, washa "Night Mode", na upandishe ya katikati 2. Utaendelea kupata kila neno.

Natumia Bluetooth kutoka kwenye TV. Kuna tofauti?

Bluetooth ya kawaida hupeleka njia mbili, na huchelewesha sauti nyuma ya midomo. Yale yote ya spika ya katikati hayahusiki hapo. Kwa TV tumia waya.

Umeme ukikatika na kurudi, sauti inaanza juu sana.

Tafuta "Power On Level" kwenye menyu ya resiva, ipe namba ya kawaida, mfano −40. Weka na "Volume Limit" desibeli 10 hivi juu ya kimo mnachotumia kwa filamu. Kwenye seti isiyo na menyu hizo, jizoeshe kuizima amplifaya ukutani umeme unapokatika, uiwashe ya mwisho baada ya TV na king'amuzi.